Nishati Jadidifu na Kubana Matumizi: Tuanzie Wapi na Vijana Wetu?

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, ambao wengi wao wanajiandaa kuwa walimu wa sekondari, insha yenye kichwa "Njia za Kuhifadhi Nishati Nyumbani". Kiswahili chao hakikuwa kibaya. Upatanisho wa kisarufi ulikaa sawa kwa wengi, na wachache hata walijaribu methali. Kilichotushtua ni maudhui. Karibu kila insha ilimshauri msomaji azime taa, achomoe chaja ya simu ukutani na anunue balbu mpya. Baadhi zilikwenda mbali zaidi: zilimtaka apunguze kipasha joto cha nyumba nyakati za usiku na afunge madirisha yote ili joto lisipotee. Tulibaki tukijiuliza ni nyumba gani hapa Kampala yenye kipasha joto. Ni dhahiri kwamba maandishi ya nchi za baridi yalikuwa yametafsiriwa neno kwa neno, pamoja na theluji yake.

Jiko, kuni na makaa havikutajwa ila katika insha mbili tatu. Na baadhi ya waandishi wa insha hizo tunawafahamu vizuri. Kila Jumamosi huonekana nyuma ya mabweni wakipepea sigiri, sufuria ya maharagwe juu yake.

Makala haya yanalenga kumsaidia mwalimu wa Kiswahili anayetaka kufundisha mada ya nishati, ama kama ufahamu, ama kama insha, ama kama mjadala darasani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi ahusishe anayojifunza na maisha yake, na mada za mazingira zimo katika masomo mengi. Sisi si wataalamu wa fizikia. Hesabu tutakazozitumia ni zile ambazo mwalimu wa sayansi wa shule yako anaweza kuzihakiki kwa dakika tano, nasi tunapendekeza umwombe afanye hivyo.

Maneno kwanza

Wenzetu wa Tanzania husema nishati. Kenya, hasa katika vyombo vya habari, utasikia zaidi kawi. Yote mawili yametoka katika Kiarabu na yote mawili ni sahihi. Mwanafunzi wa Uganda anayesoma vitabu vya pande zote mbili ayajue yote. Tatizo huanza pale anapoyachukua nishati na umeme kuwa visawe. Umeme ni aina moja tu ya nishati. Moto wa kuni ni nishati, jua linalokausha mihogo ni nishati, na ugali aliokula mkulima asubuhi ni nishati pia.

Hapa Uganda neno umeme lina historia yake. Kampuni iliyosambaza umeme nchini kuanzia mwaka 2005 hadi Machi 2025 iliitwa Umeme, na kwa Waganda wengi hilo lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kuingia nyumbani mwao, likiwa limeandikwa kwenye karatasi ya bili. Ndiyo maana darasani tulizoea kusahihisha sentensi kama "Umeme wamekuja" pale mwanafunzi alipotaka kusema kwamba taa zimewaka. Alikuwa akifikiria mafundi na ngazi zao. Umeme wa asili, ule wa kwenye mawingu ya mvua, hakuwa ameusikia. Mita za kulipia kabla nazo zilipewa jina la Yaka, na hapo mwalimu amepewa zawadi: okwaka ya Kiluganda na kuwaka ya Kiswahili ni ndugu wa damu, kama walivyo enku na kuni, enjuba na jua, empewo na upepo. Mwanafunzi anayedhani Kiswahili ni lugha ya mbali aonyeshwe orodha hiyo fupi.

Sasa tuje kwenye vivumishi, maana ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa. Vitabu vingi huandika nishati jadidifu, nishati mbadala, nishati safi na nishati endelevu kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo.

Jadidifu limejengwa juu ya neno la Kiarabu lenye maana ya "mpya". Nishati jadidifu ni ile ambayo chanzo chake hujirudisha upya kwa kasi isiyopungua kasi yetu ya kukitumia. Jua la leo halipunguzi jua la kesho. Maji yaliyopita kwenye mitambo ya Jinja hufuatwa na maji mengine ziwani, mradi mvua inyeshe. Upepo ni vivyo hivyo, na hata joto la ardhini linalozalisha umeme kule Olkaria, Kenya, tangu mwaka 1981.

Mbadala ni neno la kulinganisha. Linaeleza tu kwamba kitu kimoja kimechukua nafasi ya kingine. Familia iliyoacha kuni ikanunua mtungi wa gesi imepata nishati mbadala, lakini gesi hiyo imechimbwa ardhini na haitajirudisha katika maisha ya wajukuu wao. Gesi hiyo hiyo, hata hivyo, huitwa safi, kwa sababu haijazi jikoni moshi na masizi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ambao Tanzania iliuzindua mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, unaihesabu gesi, na kwa upande wa afya ya mama jikoni ni sawa kabisa. Kuni, kwa upande mwingine, zinaweza kuwa jadidifu zikikatwa kwa kiasi na miti ikapandwa, lakini si safi zikichomwa kwenye mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mwalimu akichora ubaoni jedwali lenye safu ya "jadidifu" na safu ya "safi", kisha akawaambia wanafunzi waweke kuni, makaa, gesi, jua, mafuta ya taa na maji, atapata mjadala wa kipindi kizima. Tumejaribu mara mbili na kengele ilitukuta bado tunabishana kuhusu makaa.

Endelevu ni pana zaidi. Huuliza kama jambo litaweza kudumu kwa upande wa mazingira, wa fedha na wa watu wenyewe. Mtambo wa jua uliofungwa shuleni kisha betri zikafa bila fedha za kununua nyingine ni jadidifu, ni safi, lakini haukuwa endelevu.

Limebaki neno moja, na hapa tunakiri kosa letu wenyewe. Kichwa cha insha tuliyoitoa kilisema "kuhifadhi nishati". Kuhifadhi lina maana mbili: kuweka kitu kisiharibike au kisitawanyike mpaka kitakapohitajika, na kutokitumia ovyo. Betri huhifadhi nishati kwa maana ya kwanza. Mwanafunzi mmoja aliandika kurasa mbili nzuri kuhusu betri za gari, nasi tukampa alama ndogo kwa "kutoka nje ya mada" kabla ya kugundua kwamba mada ndiyo iliyokuwa na milango miwili. Kwa maana ya pili ni afadhali kusema "kubana matumizi ya nishati", au "kutumia nishati kwa uangalifu".

Umeme wetu na maji yake

Kijana wa Uganda anayesoma kwamba azime taa ili "kupunguza uchomaji wa makaa ya mawe" anapewa sababu isiyomhusu. Umeme wa Uganda karibu wote ni jadidifu. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Karibu yake kukajengwa Kiira. Baadaye zikafuata Bujagali yenye megawati 250 mwaka 2012, Isimba yenye megawati 183 mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024. Ukiongeza vyanzo vidogo, pamoja na mitambo ya jua ya Soroti na Tororo na viwanda vya sukari vinavyochoma makapi ya miwa kama Kakira, uwezo wa nchi umepita megawati 2,000. Zingatia kwamba vituo vikubwa vyote hivyo vimepangana kwenye mto mmoja. Tone la maji linalotoka Ziwa Viktoria hufanya kazi Jinja, likafanya Bujagali, likafanya Isimba, kisha Karuma, kabla halijaenda zake Sudani Kusini. Ni maji yale yale yanayoajiriwa mara nne.

Uzuri huo una udhaifu wake. Tunaukumbuka vizuri mwaka 2006. Ukame, pamoja na maji mengi yaliyokuwa yametolewa ziwani kuliko kiwango kilichokubaliwa tangu zamani, ulishusha ziwa kiasi kwamba mitambo ya Jinja ilikosa maji ya kutosha. Ukaja mgao. Mtaa huu ulipata umeme leo, mtaa ule kesho. Nchi iliyojivunia umeme wa maji ikakodi majenereta ya dizeli, na bei ikapanda. Tulisahihisha madaftari kwa mshumaa, na tone la nta likianguka juu ya insha ya mtu ilikuwa vigumu kumweleza kesho yake. Kisha mwaka 2020 ziwa hilo hilo lilijaa hadi likafurika kwenye nyumba na hoteli za ufukweni. Kwa hiyo jadidifu hakumaanishi isiyokatika.

Sababu ya kijana wa Uganda kubana umeme, basi, ni mbili: mfuko wake, na saa za jioni. Kuanzia saa 12 jioni kila nyumba huwasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mitambo na nyaya hulemewa. Pasi ikipigwa saa 4 asubuhi hugharimu uniti zile zile, lakini haimsukumi jirani gizani.

Uniti moja hufanya nini?

Wanafunzi wanaoishi kwenye hosteli hununua uniti na kuzitazama zikipungua, lakini tulipowauliza uniti ni nini, wengi walisema ni "pesa ya umeme". Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja. Wati hueleza kasi ya kula. Uniti hueleza kiasi kilicholiwa. Mtu anayekula kwa pupa kwa dakika moja anaweza kula kidogo kuliko anayemung'unya siku nzima.

Kwa uniti moja, balbu ya LED ya wati 9 itawaka kwa saa 111, yaani takriban siku 22 kwa mtu anayesoma saa tano kila usiku. Balbu ya zamani ya wati 60 itawaka saa 16 na ushei. Simu ya kawaida ya kisasa utaichaji mara 40 hivi. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu hula sehemu ndogo sana ya wati. Hata tukikadiria robo wati, ni kama uniti mbili kwa mwaka mzima. Ichomoe ukipenda, hasa wakati wa radi, lakini usidhani umeokoa nchi.

Sasa tazama maji. Kuchemsha lita moja ya maji ya bomba huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa hiyo lita 10 ni karibu uniti moja nzima. Yule anayechomoa chaja kwa uangalifu mwaka mzima, kisha akachemsha ndoo mbili za lita 10 kwa koili, ameirudisha akiba yake yote kabla ya kuoga. Na anayejaza birika lote la umeme kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai analipia vikombe vitano au sita vinavyopoa bila kunywewa. Pima maji kwa kikombe utakachonywea. Yakizidi, yatie kwenye chupa ya chai.

Kanuni ni rahisi kukumbuka: mwanga na sauti hula kidogo, joto hula sana. Taa, redio na simu ziko upande mmoja. Pasi, birika, koili na jiko la umeme ziko upande wa pili. Kanuni hii ndiyo inayoeleza pia kwa nini sola ndogo ya kijijini huwasha taa tatu na redio bila shida lakini haiwezi pasi. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri la saa tano huleta wati-saa 50 kwa siku. Ili ikusanye uniti moja itahitaji siku 20. Muuzaji anayemwambia mama wa kijijini kwamba paneli hiyo itampikia chai hasemi kweli, na kijana aliyesoma ndiye anayepaswa kumfanyia mama hesabu hiyo kabla hajatoa fedha zake za kahawa.

Jikoni

Hata hivyo, mambo haya yote ya umeme ni sehemu ndogo ya hadithi. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za nishati inayotumika Uganda hutoka katika kuni, makaa na mabaki ya mimea. Mwalimu anayefundisha kubana matumizi kwa kuzungumzia balbu peke yake anafagia baraza na kuiacha nyumba.

Tuyatazame makaa (au mkaa, kama wasemavyo zaidi Watanzania). Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 10 za kuni hutoa kati ya kilo 1 na 2 za makaa. Kilo ya makaa ina joto kama mara mbili ya kilo ya kuni, kwa hiyo katika sehemu 10 za nishati iliyokuwa kwenye mti, zinazoingia gunia ni 2 hadi 4 tu. Zilizobaki zimepotea porini kama moshi na joto. Kisha makaa hayo yanawashwa kwenye sigiri ya bati, ambayo hupitisha robo hivi ya joto lake kwenye sufuria. Ukizidisha utaona kwamba kati ya sehemu 10 zilizokatwa Acholi, inayofika kwenye maharagwe ya Kampala haizidi moja.

Tumetaja Acholi kwa makusudi. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba miti ya asili, ukiwemo mti wa shea ambao akina mama hukamua mafuta yake, ilikuwa ikiangushwa na kusafirishwa kwa malori kuja mijini. Mti wa shea huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, mara nyingi zaidi ya 15. Hapo ndipo ubishi wa wanafunzi wetu kuhusu safu ya makaa ulipopata jibu: mti hukua tena, lakini kama gunia huisha kwa mwezi na mti hukua kwa miaka 15, hilo si jadidifu tena, hata kama chanzo chake ni mmea.

Kijana mmoja hawezi kuzuia malori. Anachoweza ni kupunguza makaa yanayoingia kwenye sigiri yake, na njia zenyewe hazihitaji mfadhili. Bibi zetu walizijua nyingi.

Maharagwe yaloweke usiku kucha. Yatahitaji moto wa muda mfupi zaidi. Funika sufuria. Katakata viazi na ndizi vipande vidogo. Na hili linasahauliwa sana: maji yakishaanza kuchemka, kuongeza moto hakuyafanyi yawe na joto zaidi. Hapa Kampala, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na yatabaki hapo hapo hata ukiyawashia moto wa tanuri. Moto unaozidi hugeuza tu maji kuwa mvuke na kukulazimisha kuongeza mengine. Kwa hiyo sufuria ikichemka, punguza moto. Anayepika kwa makaa aondoe baadhi na kuyazima kwa majivu au mchanga ayatumie kesho. Atakayemwagia maji atabaki na makaa mabichi na majivu usoni.

Jiko lenyewe pia lina thamani. Lile la bati lenye kifuko cha udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, huweza kupunguza makaa kwa theluthi hadi nusu likilinganishwa na la bati tupu, kwa sababu udongo huzuia joto lisikimbilie pembeni.

Kisha kuna kikapu. Chukua kikapu kipana, kitandike blanketi kuukuu au mito iliyojazwa pamba au maganda makavu ya mahindi, ukiacha nafasi ya sufuria katikati. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, uyafunike, uyaepue na kuyatia ndani ya kikapu upesi pamoja na maji yake ya moto, kisha uyafunike vizuri juu. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa bila kaa hata moja. Hakuna uchawi. Sufuria hupoa kwa sababu hewa hulinyang'anya joto lake, na blanketi linazuia hewa. Wapishi wa matooke wanaielewa kanuni hii vizuri, maana wao hufunga chakula ndani ya majani ya mgomba na kuyabana pembeni ili mvuke usitoke. Tofauti ni kwamba wao huacha moto chini kwa saa nyingi. Jani ni kifuniko kizuri, ila kuni zinazolala chini yake mchana kutwa tungependa zijadiliwe, ingawa tunajua kwamba nyumba nyingine mjadala huo utamfukuzisha mtu jikoni.

Maji ya kunywa nayo hula kuni nyingi. Maji yasiyo na tope yakijazwa kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, na kulazwa juani kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, miale ya jua huua vijidudu vingi vya maradhi ya kuhara. Haliondoi kemikali, wala halifai kwa maji ya tope yasiyochujwa kwanza. Lakini kwa shule yenye paa la bati na chupa tupu zilizozagaa uani, ni nishati ya jua isiyohitaji fundi.

Kwa mwenye umeme wa uhakika, presha kuka ya umeme hupika maharagwe ya familia kwa chini ya uniti moja, na bei yake ya uniti ilinganishwe kwa uaminifu na ya makaa yanayoishia kwenye mlo huo. Walio wengi hawajawahi kulinganisha. Wanajua tu kwamba "umeme ni ghali".

Dirisha lisifungwe

Tunarudi kwenye lile shauri la kufunga madirisha ili joto lisipotee, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Katika nchi ambako nyumba hupashwa joto kwa mabomba, ni shauri jema. Hapa, msomaji aliyefunga dirisha katika usiku wa mvua anaweza kuwa ameingiza sigiri chumbani. Makaa hayana moshi mwingi, na watu hudhani kwa hiyo hayana madhara. Yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki kikohozi kimemshika, kama ambavyo moshi wa kuni ungemwamsha. Huumwa kichwa, hulegea, na usingizi wake huenda moja kwa moja kwenye mauti. Sigiri ikae nje, au mahali ambapo hewa hupita pande mbili, na kamwe isilale na mtu chumbani hata kama yamebaki makaa mawili yenye majivu.

Insha ile yenye shauri hilo tuliipa alama 14 kati ya 20 kwa sarufi nzuri. Mwenyewe atafundisha kidato cha kwanza baada ya mwaka mmoja au miwili, na huenda angeisoma insha hiyo kwa watoto kama mfano bora. Tulimwita, tukaisoma pamoja sentensi kwa sentensi, tukiuliza baada ya kila moja: nyumba hii iko wapi? Alicheka alipofika kwenye kipasha joto. Alipofika kwenye dirisha hakucheka, kwa sababu alikumbuka chumba cha dada yake huko Bwaise.

Muhula huu tumebadilisha swali. Kila kundi la wanafunzi wanne litapima makaa au kuni zinazotumika kupika kilo moja ya maharagwe kwa njia yao ya kawaida, kisha litapika kilo nyingine yaliyolowekwa, kwa kifuniko na kikapu, na kupima tena. Mizani tutaazima kwa muuza nyanya wa lango la pili, ambaye amekubali kwa sharti kwamba naye apelekewe maharagwe. Kila mwanafunzi ataandika ripoti ya kurasa tatu, na kila istilahi atakayoitumia kati ya jadidifu, mbadala, safi na endelevu aitolee mfano kutoka jiko alilolipima. Ripoti zitakabidhiwa ofisi ya idara Ijumaa ya juma la tisa. Walimu wa shule jirani wanaotaka kujaribu zoezi hili na madarasa yao wanakaribishwa kuchukua nakala ya maelekezo hapo hapo ofisini.